Kuiona kwa Macho Saa Adimu ya Mkono: Mwongozo wa Kwenda Geneva

Mpenzi wa saa za kutia ufunguo anaweza kukaa miaka mingi akizitazama kwenye picha, akakariri namba za modeli, bei za minada na majina ya mafundi, na bado akapigwa na butwaa siku anapowekewa mojawapo mezani. Butwaa hilo mara nyingi huanzia kwenye ukubwa. Modeli 1518 ya Patek Philippe, kiwanda cha saa cha Geneva, saa ya kwanza ya mkono kutengenezwa kwa mfululizo ikiwa na kronografu (kipima muda kinachoanzishwa na kusimamishwa kwa kitufe) pamoja na kalenda ya kudumu (inayojua yenyewe urefu wa kila mwezi na miaka mirefu), ina kipenyo cha milimita 35 tu, yaani ni ndogo kuliko saa nyingi za kiume zinazouzwa madukani leo, ilhali mpiga picha wa katalogi huikuza hadi ikajaza ukurasa. Picha haimwonyeshi mtazamaji unene wa kasha, wala namna rangi ya uso inavyogeuka mkono unapogeuka, na ni hodari sana wa kuficha kingo zilizoliwa na msasa.

Mwongozo huu unaeleza namna mtu asiye tajiri wala mfanyabiashara wa saa anavyoweza kufika mbele ya saa ya aina hiyo, akaishika inapowezekana, na akaitazama kwa mpango. Nimeuelekeza Geneva, mji wa Uswisi ambako makumbusho, viwanda na minada mikubwa ya saa vimekaa karibu karibu, ingawa nitataja pia Dubai na London kwa wale ambao safari zao zinapita huko.

Hatua ya kwanza: chagua saa moja

Anayekwenda kuona saa zote hurudi hajaona hata moja. Chagua modeli moja, au mbili zinazotofautiana kabisa, kisha uzisome mpaka ujue kila kilichomo usoni mwake. Mimi hupendekeza jozi hii: modeli 1518 niliyoitaja, na Simplicity ya fundi Philippe Dufour.

Modeli 1518 ilianza kutoka mwaka 1941, wakati wa vita, na hadi uzalishaji wake unakoma mwaka 1954 zilikuwa zimetengenezwa 281. Nyingi ni za dhahabu ya njano, chache ni za dhahabu yenye wekundu, na za chuma cha pua zinazojulikana ni nne tu. Mojawapo ya hizo nne iliuzwa na nyumba ya mnada ya Phillips mjini Geneva mwezi Novemba 2016 kwa zaidi ya faranga milioni 11 za Uswisi, kiasi ambacho huwashangaza wasiojua kwamba katika soko hili chuma hushinda dhahabu pale kinapokuwa haba. Simplicity ni jambo jingine kabisa. Dufour, ambaye karakana yake iko katika bonde la Vallée de Joux nchini Uswisi, aliitoa mwaka 2000, akatengeneza takriban 200, na saa yenyewe haina kalenda wala kronografu: inaonyesha saa, dakika na sekunde, basi. Thamani yake yote imo katika kazi ya mkono iliyofanywa juu ya vipande ambavyo mvaaji asingeviona lau mgongo wa saa usingekuwa wa kioo.

Tofauti hiyo ndiyo inayokupa mpango wa kutazama. Mgongo wa 1518 umefungwa kwa chuma au dhahabu, kwa hiyo utatumia muda wako mwingi kwenye kasha na uso. Simplicity utaigeuza mara tu utakaporuhusiwa.

Hatua ya pili: jua mahali zinapoonekana

Mahali pa kuanzia ni Makumbusho ya Patek Philippe, yaliyofunguliwa mwaka 2001 katika mtaa wa Rue des Vieux-Grenadiers, eneo la Plainpalais. Humo mna mkusanyiko unaoanzia karne ya 16, na kwa mpenzi wa saa za mkono viko vitu viwili visivyopaswa kupitwa haraka. Cha kwanza ni saa ya mkono ya mwaka 1868 iliyotengenezwa kwa ajili ya Koscowicz, mwanamke wa tabaka la makabaila wa Hungaria. Ni bangili ya dhahabu kuliko saa, na inakukumbusha kwamba kwa miongo mingi saa ya mkono ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake huku wanaume wakitia zao mfukoni. Cha pili ni saa namba 97975 ya mwaka 1925, saa ya mkono ya kwanza kuwa na kalenda ya kudumu, ambayo mashine yake ilitengenezwa mwaka 1898 kwa ajili ya saa ya kike ya kuning'inia, ikakaa bila mnunuzi zaidi ya robo karne, ndipo ikavikwa kasha jipya. Katika makumbusho utatazama kupitia kioo tu, na usijipangie kupiga picha mpaka uwe umeuliza.

Mahali pa pili, ambapo kwa maoni yangu ndipo hasa pa kulengwa, ni maonyesho ya kabla ya mnada. Christie's, Sotheby's na Phillips hufanya minada yao mikubwa ya saa Geneva mwezi Mei na mwezi Novemba, kwa kawaida katika hoteli za kando ya ziwa, na siku chache kabla ya mnada saa zote huwekwa wazi ili wanunuzi wazikague. Kuingia ni bure na mlango uko wazi kwa kila mtu. Jambo wasilolijua wengi ni kwamba mgeni anaweza kuomba saa itolewe ndani ya kabati na kuwekwa mbele yake, hata kama hana nia ya kununua, mradi aombe kwa adabu na asije wakati ambapo wanunuzi wamejaa. Makumbusho huzoeza jicho, na maonyesho ya mnada humpa mtu nafasi ya kutumia mkono.

Maonyesho ya biashara yana faida yake, lakini huko huonekana zaidi saa mpya kuliko zile adimu za zamani. Watches and Wonders hufanyika katika ukumbi wa Palexpo, Geneva, mwezi Aprili, na katika miaka ya karibuni imetenga siku za umma kwa tiketi. Dubai Watch Week, iliyoanza mwaka 2015, hufanyika mwezi Novemba, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, na haina kiingilio, ila lazima kujiandikisha mapema. Kwa anayepitia London, vyumba vya saa vya British Museum ni vya bure, na vinafaa sana kwa kuelewa saa zilikotoka kabla hazijapanda mkononi.

Wasomaji walioko Muscat na kwingineko katika Ghuba wana sababu yao ya pekee ya kufuatilia minada hii. Sultani Qaboos, aliyetawala Oman tangu 1970 hadi 2020, aliagiza saa nyingi za Rolex na Patek Philippe, baadhi yake kupitia duka la Asprey la London, zikiwa na khanjari ya nembo ya nchi usoni, akazitoa zawadi. Siku hizi saa hizo hupita mnadani mara kwa mara, na khanjari huikweza bei ya saa. Kwa sababu hiyo hiyo khanjari za kughushi zipo, na ni mfano mzuri wa kitu kisichoweza kuamuliwa kwa picha ya simu.

Hatua ya tatu: panga safari kwa kufuata kalenda ya mnada

Usinunue tiketi ya ndege kabla tarehe za minada hazijatangazwa. Zikishatoka, lenga siku mbili au tatu zinazotangulia mnada, kwa kuwa siku ya mnada wenyewe saa huwa zimeshaondolewa kwenye makabati au zinaangaliwa na wanunuzi pekee. Raia wa Tanzania, Kenya na Uganda wanahitaji viza ya Schengen, ambayo maombi yake hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15. Mtu asisubiri hizo siku 15, kwa maana miadi ya kuwasilisha maombi yenyewe huchukua muda kupatikana.

Geneva ni mji ghali, na katika wiki za minada hoteli hujaa. Hata hivyo, mgeni aliyelala hotelini hupewa kadi ya usafiri wa bure wa basi na tramu za mjini, na kutoka uwanja wa ndege hadi kituo cha Cornavin treni huchukua dakika chache tu. Kumbuka pia kwamba kwa ratiba yake ya kawaida makumbusho ya Patek Philippe hufunguliwa alasiri tu kuanzia Jumanne hadi Ijumaa, Jumamosi kutwa, na Jumapili na Jumatatu hufungwa. Aliyefika Jumapili asubuhi na kuondoka Jumanne asubuhi atakuwa amepanda ndege kwenda kutazama mlango.

Hatua ya nne: jitayarishe kabla ya kuingia

Katalogi ya mnada hutolewa mtandaoni wiki kadhaa kabla. Tafuta saa yako, andika namba yake ya loti, yaani namba iliyopewa katika mnada huo, kisha omba ripoti ya hali ya saa hiyo kwa barua pepe. Hutolewa bila malipo. Ripoti hiyo imeandikwa na mtu aliyeishika, na lugha yake ni ya tahadhari, kwa hiyo kila kauli laini ndani yake igeuze kuwa swali. Ikisemwa kwamba uso "una dalili za kusafishwa", hapo ndipo utakapoanzia.

Beba lenzi ya fundi saa. Lenzi inayokuza mara nne au tano inatosha kwa uso na kasha, kwa sababu inakuonyesha eneo pana. Ile ya mara kumi ni ya kuchungulia mashine, na anayeanza nayo hupotea kwenye nukta moja asijue yuko wapi. Beba pia daftari na penseli. Suti si lazima, lakini mavazi nadhifu hurahisisha mazungumzo. La maana zaidi ni kuvua pete, bangili na saa yako mwenyewe kabla hujakaa mezani, na kunawa mikono bila kupaka mafuta baadaye. Dhahabu ya karati 18 ni laini, na pete ya ndoa inaweza kuikwaruza.

Hatua ya tano: namna ya kuomba na kushika

Mlangoni utaombwa kitambulisho na pengine kujiandikisha. Ukifika mbele ya kabati, msalimie mhudumu, taja namba ya loti, na useme wazi kwamba unajifunza. Usijifanye mnunuzi. Wataalamu wa nyumba za mnada wanawatambua wanunuzi kwa maswali yao, na mara nyingi humpa muda mrefu zaidi mtu anayekiri kwamba amekuja kujifunza kuliko yule anayejitutumua.

Saa italetwa kwenye sinia lililotandikwa kitambaa. Kaa, usisimame. Ishike kwa mikono miwili, juu ya sinia hilo wakati wote, na kamwe isivuke ukingo wa meza. Usiivae bila kuambiwa uivae. Na jambo la kushikilia zaidi ya yote: usiguse kifundo cha pembeni wala vitufe vya kronografu au vya kalenda. Katika saa ya kalenda ya kudumu, magurudumu ya tarehe huanza kushikana saa kadhaa kabla ya usiku wa manane na kuachana saa kadhaa baadaye, tuseme kati ya saa tatu na saa tisa za usiku. Anayelazimisha kitufe cha kusahihisha tarehe wakati meno yameshikana anaweza kuvunja kipande ambacho hakiuzwi popote. Wala usijitetee kwamba ni mchana, kwa maana saa iliyosimama kabatini inaweza kuwa imesimama kwenye usiku wake yenyewe.

Hatua ya sita: tazama kwa utaratibu

Anza na kasha. Iweke saa chini ya taa moja, uigeuze polepole sana, na ufuate mstari wa mwanga unavyotembea kwenye pembe nne zinazoshikilia mkanda. Kwenye kasha lisiloguswa mwanga hukatika ghafla unapofika ukingoni, kwa kuwa ukingo ni mkali. Kwenye kasha lililopigwa msasa na kung'arishwa mara nyingi mwanga humiminika ukingoni kama maji kwenye sabuni iliyotumika. Linganisha pembe ya kushoto na ya kulia, ya juu na ya chini, kwa sababu mkono wa mng'arishaji hauli chuma sawasawa pande zote. Kisha geuza utafute mihuri ya dhahabu. Saa za Uswisi za dhahabu ya karati 18 zilipigwa muhuri wa kichwa cha mwanamke, Helvetia, hadi miaka ya 1990, na muhuri huo ni kipimo kizuri cha msasa: nywele na uso wa Helvetia vikionekana, kasha limesalimika, pakibaki kivuli, dhahabu imeondoka pamoja na historia yake. Mikwaruzo isikutishe. Kasha lenye mikwaruzo na kingo zake kamili lina heshima kuliko lililong'aa likawa kama pipi iliyomung'unywa, na bei za mnada huliunga mkono hilo.

Hapo sasa nenda kwenye uso, na hapa usiwe na haraka. Nyuso nzuri za Patek Philippe za zama za 1518 hazikuandikwa kwa wino tu. Jina na mizani ya kupimia vilichongwa kwanza kwenye bamba, mifereji ikajazwa unga wa enameli (kioo cha rangi kilichosagwa), bamba likachomwa tanuruni mpaka enameli ikayeyuka na kushika, ndipo likasawazishwa. Kwa hiyo herufi zina mwili. Inamisha saa, uzitazame kwa lenzi kutoka ubavuni, na utaziona zimeinuka kidogo kama mishono. Uso uliosafishwa kwa nguvu hupoteza kwanza vitu vyembamba: alama iliyo juu ya herufi ya neno Genève, mikia ya herufi, vistari vidogo vya mizani. Uso ulioandikwa upya kwa wino huwa bapa, na ukiutazama kwa ukaribu kingo za herufi zimechanua kidogo. Kwenye khanjari za Oman swali ni lile lile, ila jibu ni gumu zaidi, kwa sababu nyingi zilichapwa tangu mwanzo. Hapo angalia kama rangi ya nembo imezeeka pamoja na maandishi mengine au inaonekana kijana kuliko jirani zake.

Rangi ya uso itazame mara mbili, chini ya taa na karibu na dirisha. Mhudumu huweza kukubali kusogea nawe dirishani, na mwanga wa asubuhi wa upande wa ziwa utakuonyesha rangi ambayo taa za kabati zimeizima.

Halafu soma uso wenyewe kama unavyosoma ukurasa. Kwenye 1518, madirisha mawili ya juu ni siku na mwezi, na lugha yake hutofautiana kati ya saa na saa kwa kufuata mnunuzi wa kwanza alikuwa wa wapi. Duara la chini ni tarehe, na ndani yake mwezi unaopevuka na kuandama. Kushoto ni sekunde, kulia ni dakika 30 za kronografu, na ukingoni ni mizani ya kupimia mwendo kasi. Yote hayo yamekaa katika milimita 35 bila kusongamana, na ni baada ya kuyaona kwa ukubwa wake halisi ndipo mtu hutambua kwamba kazi ngumu ya mbunifu ilikuwa kuacha nafasi tupu.

Mashine huonekana tu pale mgongo ni kioo au mtaalamu anapokubali kufungua. Akikataa, omba picha zake, usibishane. Ukibahatika kuiona Simplicity, tafuta kona zinazoingia ndani, pale kingo mbili zilizokatwa mshazari zinapokutana kwa ncha kali, kwa maana mashine ya kusagia huacha kona ya mviringo, na ncha hiyo hutoka kwa tupa na mkono wa mtu peke yake. Tafuta pia chuma kilichong'arishwa kwa weusi: ukigeuza saa kidogo kichwa cha skrubu huwa cheusi kabisa, ukigeuza tena huwa cheupe kama kioo, na hakuna rangi ya katikati. Kwa saa za Geneva zenyewe, Muhuri wa Geneva, alama ya ubora iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1886, hupigwa kwenye mashine, na ni alama ya kuanzia uchunguzi, si ya kuumaliza.

Usisahau kusikiliza. Mashine ya zamani kama ya 1518 hupiga mapigo 18,000 kwa saa, yaani matano kwa sekunde, wakati nyingi za kisasa hupiga 28,800, manane kwa sekunde. Sikio hutambua tofauti hiyo mara moja: ya zamani inatembea, ya kisasa inakimbia. Na ikiwa kuna saa inayogonga dakika, omba mtaalamu aigongeshe. Sauti nzito huhesabu saa, jozi ya sauti mbili huhesabu robo, na sauti nyembamba huhesabu dakika zilizobaki, kwa hiyo ikiwa ni saa mbili na dakika 35 asubuhi kwa hesabu yetu utasikia mapigo manane mazito, jozi mbili, kisha matano membamba. Msemaji wa Kiswahili atalazimika kutoa sita kichwani huku akisikiliza, zoezi ambalo waliotengeneza saa hiyo hawakulifikiria.

Hatua ya saba: uliza

Acha bei, kwa kuwa makadirio yake yameandikwa kwenye katalogi. Uliza kama namba ya kasha na namba ya mashine zinaafikiana na dondoo la kumbukumbu za kiwanda, ambalo Patek Philippe hulitoa likionyesha tarehe ya kutengenezwa na ya kuuzwa. Uliza mishale, kifundo na vitufe ni vya asili au vimebadilishwa. Uliza uso umewahi kutolewa na kusafishwa mara ngapi, kadiri wanavyojua. Jina la mwenye saa hutaambiwa, na si adabu kulisisitiza. Lakini ukiuliza saa imekaa kwa familia moja au imepita mikono mingi, mara nyingi utajibiwa.

Andika kabla hujatoka chumbani. Chora hata kwa mkono usiojua kuchora pembe ya kasha iliyoliwa, andika rangi ya uso dirishani na rangi yake chini ya taa, kisha kesho yake rudi uitazame tena, kwa kuwa mara ya kwanza macho hutekwa na jina.

Ukiweza, baki hadi siku ya mnada. Ukumbi uko wazi, na kibao chenye namba huhitajika kwa wanaotaka kununua tu. Saa hutaiona tena, ila picha yake ukutani, na bei utakayoisikia nyundo ikianguka si ile itakayochapwa magazetini kesho yake, kwa sababu magazeti huongeza ada ya mnunuzi. Weka daftari lako wazi kwenye ukurasa wa loti yako na uandike bei zote mbili kando ya mchoro.